Gari la Mjini

Siku ya harusi yetu baba mkwe alishika kipaza sauti akatangaza kwamba anampa mwanawe ng'ombe. Watu wakapiga makofi, nami nikageuza shingo nimtafute ng'ombe. Nje ya ukumbi palikuwa na gari dogo la kijivu, la haibridi, limefungwa utepe kwenye boneti. Yule bwana aliyekodiwa kuwaghania sifa ng'ombe wa mahari hakutaka kupitwa. Alilizunguka gari na fimbo yake akalisifu kwa Kinyarwanda: pembe zake, mwendo wake wa madaha, ngozi yake isiyo na doa, mpaka mashangazi wakafuta machozi. Mume wangu akainama, akaapa kwa jina la baba yake kwamba ndiye aliyempa ng'ombe. Mimi nilicheka, nikidhani ni utani wa harusini.

Haukuwa utani. Kwa Wanyarwanda, mtu akikupa ng'ombe amekushika. Ng'ombe ni wako na maziwa ni yako, lakini humuuzi, humchinji, wala humhamishi zizi bila kumwarifu aliyekupa. Naye ana haki ya kuja kumwangalia. Baba mkwe alikuwa akija kila Jumapili baada ya misa, kutoka Kimihurura anakokaa peke yake tangu alipofiwa na mkewe. Kabla hajasalimia mtu, analizunguka gari letu pale uani kwetu Kibagabaga, hapa Kigali, mikono nyuma, anainama kutazama tairi, anapapasa boneti. "Ng'ombe ananenepa," anasema. Kisha tunaingia kula.

Nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili. Mume wangu na baba yake walikulia Tanzania, huko Karagwe, na mimi nilikulia Bujumbura, jirani na Buyenzi, mahali ambapo Kiswahili ndicho cha sokoni na ndicho cha kugombana. Kinyarwanda changu kina lafudhi ya Kirundi, na mashangazi wa mume wangu hunicheka wakidhani sisikii. Basi Kiswahili kilituokoa sote watatu, nami nikajiona nimeelewana na watu hawa kabisa.

Ng'ombe alikuwa wa mume wangu, lakini mume wangu haendeshi. Alijaribu mara moja, akagonga ukuta wa jirani, akashuka, akanipa funguo, akasema inatosha. Kwa hiyo dereva nikawa mimi. Shangazi ana posa Kicukiro, nitamchukua. Binamu kajifungua, nitapeleka uji. Kuna msiba, nitabeba viti. Mzee anataka kukata nywele, kinyozi wake yuko upande wa pili wa mji, nitampeleka na kumsubiri. Bujumbura nilikuwa na duka la vitenge lililokuwa na jina langu mlangoni. Kigali nilikuwa na funguo za gari, na hata hilo gari lilikuwa ng'ombe wa mtu.

Mji huu ni mzuri, sina ubaya nao. Ni msafi, taa zinawaka, maua yanamwagiwa maji kila asubuhi. Lakini mimi ni mtu wa tambarare, nimezoea kusimama barabarani nikaona ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Hapa ukisimama unaona kilima, na juu ya kilima nyumba za watu wanaokutazama. Unashuka, unapanda, unazunguka, na kila barabara inakurudisha ulikotoka. Kuna kamera kila kona, basi unakwenda mwendo wa harusi hata kama umechelewa msibani. Kuna siku nilikuwa nikitoka kumrudisha mzee kwake, nikasimama kwenye taa nyekundu, nikapiga kelele ndani ya gari, vioo vimefungwa. Nilipiga kelele kweli. Mwenye pikipiki aliyesimama kando yangu akanipungia mkono kwa adabu.

Ndipo rafiki yangu akapiga simu kutoka Rubavu. Tulikua pamoja Bujumbura, tulianza kuuza vitenge siku zile zile, yeye kwenye meza moja na mimi kwenye meza ya pili. Sasa yeye alikuwa na duka la jumla karibu na mpaka wa Goma na mzigo unamshinda. Alitaka mshirika: nikae naye Rubavu siku za kazi, niwe napeleka mzigo kwa wateja wa Musanze na Kigali, nirudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Jina langu lingeandikwa mlangoni pamoja na lake. Sharti lake lilikuwa moja, nije na gari. Bila gari, alisema, ni afadhali amchukue mtu mwingine, na watu wapo.

Sijawahi kutaka kitu namna ile. Nilimwambia mume wangu jioni ile ile, nikiwa nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mume wangu ni mtu mpole, sauti yake haijawahi kuvuka ukuta. "Ni wazo zuri, sheri," alisema, akiniita mpenzi kwa Kifaransa kama kawaida yake. "Zuri sana. Lakini gari ni la mzee. Itabidi tumwulize."

Jumapili nikamwuliza mzee, baada ya kula, kwa heshima zote, nimepiga magoti kama nilivyofundishwa. Baba mkwe aliweka kikombe chini. Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe, akatazama nje dirishani ambako ng'ombe wake alikuwa amesimama kivulini.

"Mwanangu," alisema, "mimi sina neno. Tatizo ni gari. Gari hili ni la mjini. Halina pumzi ya milima. Ile barabara ya kwenda kaskazini, ukiwa na mzigo, litakufia njiani."

Mtu aliyekulia Kigali angekunywa chai yake, akasema asante, mambo yakaisha. Mimi nilisikia maneno yenyewe nikayashika. Gari halina pumzi? Basi gari litapewa pumzi. Baba yangu mzazi aliendesha malori maisha yake yote, na nyumbani kwetu kitu kikiwa na ubovu kilitengenezwa, hakikuombolezwa. Nililala nikiwa na furaha. Penye nia pana njia, nilijiambia.

Na ukweli ni kwamba mzee hakudanganya. Gari la haibridi lina injini ndogo ya petroli na mota ya umeme. Mahali pa tambarare vinasaidiana kama mke na mume wenye adabu. Lakini kwenye mlima mrefu betri inaishiwa, mota inanyamaza, na ile injini ndogo inabaki peke yake ikilia. Ukikanyaga mafuta kelele zinaongezeka, mwendo hauongezeki. Nilikuwa nimeshapitwa mara nyingi na malori ya mchanga, dereva akinichungulia kwa huruma.

Nilimpata fundi katika mtaa wa Biryogo. Gari unaliacha barabarani, unaingia vichochoroni kwa miguu, unapita mafundi cherehani na harufu ya sambusa, unamkuta kwenye ua wa shangazi yake amekaa kwenye kiti cha gari lililokufa. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya dalali, na unyenyekevu hakuwa nao hata wa kuazima.

"Mama," aliniambia kabla hata hajaliona gari, "hii magari yote iko na nguvu. Lakini kule Japani waliifunga. Iko inaogopa. Mimi nitaifungula, mpaka wewe mwenyewe utaniambia fundi, ludisha kidogo."

"Umewahi kufanya?"

"Mama! Kigali yote, ile inakimbia, ni mimi."

Sikumwamini hata nusu, lakini wengine wote walikuwa wamenicheka. Tulikubaliana nilipe kwa vitenge. Nilikuwa na marobota yangu ya mwisho kutoka Bujumbura, nimeyafungia stoo kwa sababu nilishindwa kuyauza rejareja na nilishindwa kuyaangalia. Mke wa fundi alikuja mwenyewe kuchagua, akapapasa kila kitambaa, na akachagua vizuri kuliko wateja wangu wa zamani.

Alianza na betri. Alilihamishia gari uwanja wa rafiki yake penye nafasi, akang'oa kiti cha nyuma, akanionyesha. Feni ya kupoza betri ilikuwa imezibwa na vumbi na nywele za mashangazi wote niliowahi kuwabeba. Seli zenyewe zilikuwa zimechoka, nyingine zimevimba. Alizitoa zote akaweka betri mpya ya lithiamu, nyepesi kuliko ile ya zamani na yenye kuhifadhi zaidi. Kisha akachomeka kompyuta yake kwenye gari, skrini yake imepasuka, akaanza kubadilisha maagizo: mota isaidie zaidi na mapema zaidi, injini isisubiri ruhusa. Mume wangu alikuja na mimi siku hiyo. Alishika tochi, aliuliza maswali, alimnunulia fundi chai na mandazi. "Usiharakishe," alikuwa akimwambia. "Fanya polepole, ifanyike vizuri." Niliona nimepata mume.

Gari lilipotoka pale lilikuwa gari jingine. Nilipanda mteremko wa Kibagabaga, ule ninaoupanda kila siku nikimwomba Mungu, na gari likaruka mbele mpaka kichwa kikagonga kiti. Nilicheka peke yangu. Nilipofika getini sikuingia, niligeuza nikashuka tena ili nipande mara ya pili.

Jumapili nikamwambia mzee, gari lina pumzi. Aliondoka mezani, akaenda nje, akainama, akanyanyuka. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakulisomea.

"Lina joto," alisema. "Betri ni mpya, sawa. Lakini joto la mlimani je? Jambo hilo umelifikiria?"

Nilimdharau kidogo moyoni. Wiki hiyo hiyo ikaonekana alikuwa na haki. Nilikuwa Kimihurura, kwenye mzunguko wa chini ya ukumbi mkubwa wa mikutano, jua kali, nimetoka kupanda kwa fujo. Taa nyekundu yenye alama ya kuogopesha ikawaka kwenye dashibodi, kisha nyingine, kisha zote. Gari likanyamaza. Halikukohoa wala kutetemeka, lilikata roho tu katikati ya mzunguko, na magari ya wakubwa nyuma yangu. Nilibonyeza kitufe, nikabonyeza tena. Milango nayo ikakataa kufunguka mara ya kwanza, nikaanza kupiga kioo na kiganja. Askari wa barabarani akaja, akanifungulia kwa nje bila shida yoyote, akanisalimia, akaniuliza kama nina tatizo. Nilimwambia ndiyo, ninalo, na machozi yakanitoka mbele ya mtu mwenye glavu nyeupe. Watu wanne walilisukuma gari pembeni. Nilikaa ukingoni mwa barabara, maua yaliyomwagiwa maji yananilowesha sketi, nikimsubiri fundi.

"Iko ni inveta," alisema fundi alipofika, bila haya. Inveta ni kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri upelekwe kwenye mota. "Imepata moto. Nguvu imekuwa nyingi, maji ya kuipoza ni ile ya zamani. Nilikuwa nataka kukwambia."

"Ulikuwa unataka kuniambia lini? Nikishaungua?"

"Mama, usikasirike. Hii ndiyo inaonyesha nguvu iko."

Jioni ile mume wangu alipika. Hapiki mara nyingi. Alikaanga ndizi, alichoma samaki, alipiga mluzi jikoni. Nilidhani ananiliwaza. "Ihangane, sheri," alisema, "vumilia, labda ndivyo Mungu alivyopanga." Nilikula samaki wake nikiwa nimenuna na nikamshukuru.

Sikukubali kushindwa. Fundi aliweka pampu kubwa zaidi ya maji ya inveta na rejeta ndogo ya pili nyuma ya bampa, akapunguza kidogo yale maagizo ya kompyuta aliyoyaweka kwa sifa. Tulilizungusha gari kutwa nzima kwenye vilima bila taa hata moja kuwaka. Jumapili nikaripoti. Mzee akasema, joto sawa, lakini ng'ombe mwenye mbio asiyejua kusimama ni hatari, breki je? Nikabadilisha breki, diski na pedi zote, nikatoa kitenge kizuri kuliko vyote, cha rangi ya bluu iliyokolea, ambacho nilikuwa nimejiwekea mimi mwenyewe. Jumapili nikaripoti. Mzee akapiga tairi teke kidogo. Tairi hizi ni za lami ya mjini, alisema, mvua ya Musanze huijui. Nikabadilisha tairi.

Rafiki yangu wa Rubavu alikuwa akipiga simu. Mwanzoni aliuliza unakuja lini, baadaye akaanza kuuliza kama bado ninakuja. Nilimwambia nabadilisha breki, nabadilisha tairi. Akasema, "Dada, hivi wewe unakuja Rubavu au unaenda mbio za magari?" Tulicheka, lakini nilipokata simu nilikwenda stoo kuhesabu marobota. Stoo ilikuwa inakwisha. Kila nilichokitengeneza kilizaa kingine, na mimi nilikuwa bado kwenye taa ile ile nyekundu, nimefunga vioo. Nilianza kumchukia mzee. Nilimwona mtu mzima anayeng'ang'ania kigari kwa sababu hana kingine cha kutawala. Nilimwambia mume wangu hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Akainamisha kichwa akasema, "Mzee ni mzee, mvumilie."

Jumapili iliyofuata sikungoja kuulizwa na mtu. Nilisema nikiwa nimesimama, magoti nimeyaacha siku hiyo. "Baba, twende sote. Jumamosi tupande mlima wa Shyorongi. Nitaweka magunia ya viazi nyuma, uzito wa marobota kamili. Likishindwa, nitanyamaza maisha yangu yote. Likishinda, naomba jibu."

Mzee alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Mwanawe alikuwa akikusanya sahani.

"Haya," alisema mzee. "Twende."

Jumamosi mzee alikaa mbele, amevaa koti na kofia kama mtu aendaye ubalozini. Mume wangu alikaa nyuma, amebanwa na magunia. Tulishuka bondeni Nyabugogo, tukavuka daraja, tukaanza kupanda. Wanaoijua ile barabara wanajua. Inapanda, inakata kona, unadhani umefika, inapanda tena. Malori ya kaskazini yanajikokota moja nyuma ya jingine, moshi mweusi, na upande wa kulia bonde linaanguka mpaka huoni mwisho wake.

Nilikanyaga. Gari lilikwenda. Sina maneno mengine. Nilikaa nyuma ya lori la saruji, nikangoja pafunguke, nikakanyaga tena, na lori likabaki nyuma. Sindano ya joto haikusogea. Kona zikaja, breki zikashika, tairi zikang'ata lami. Sikuvunja sheria, mwendo ulioandikwa ndio niliokwenda, lakini nilikwenda hivyo nikipanda, nikiwa na mzigo, na chini ya mguu wangu kulikuwa na nguvu ambayo sikuitumia hata nusu. Tangu nihamie Kigali sikuwa nimevuta pumzi namna ile. Nilianza kuimba. Mzee alikuwa ameshika kishikio cha mlango, lakini niliona pembeni ya jicho langu kwamba anatabasamu, na nikamsamehe yote.

Juu kabisa, mahali wanapouza mahindi ya kuchoma, aliniambia nisimame. Alishuka. Alilizunguka gari, mikono nyuma. Akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha pale.

"Mwanangu," alisema, "nimeishiwa."

"Umeishiwa nini, Baba?"

"Sababu." Alivua kofia akajipepea. "Pumzi, joto, breki, tairi. Nilikuwa nawaza Jumapili ijayo niseme taa. Ni aibu kwa umri wangu." Kisha akainama kwenye dirisha la nyuma. "Na wewe shuka. Nimekubebea vya kutosha."

Mume wangu alishuka. Ilimchukua muda kwa sababu ya magunia. Alisimama mbele yangu na vumbi la viazi kwenye suruali.

"Ni mimi niliyemwomba mzee," alisema.

Sikuelewa. Kwa kweli sikuelewa, nilimtazama kama mtu anayesema Kichina.

"Ile siku uliyoniambia habari za Rubavu. Uliposinzia nilimpigia simu. Nilimwomba akatae."

Kuna msemo, akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna aliyenifundisha kwamba akuzuiaye naye hakwambii kaa. Anakwambia wazo lako ni zuri. Anakushikia tochi. Ananunua mandazi. Nilikumbuka mluzi wa jikoni, nikasikia damu inapanda kichwani. Nilimwita mwoga, mbele ya baba yake na mbele ya mama wa mahindi. Nilimwita mengine kwa Kirundi ambayo siyaandiki. Nilimwambia vitenge vyangu vyote vimeishia Biryogo kwenye kutengeneza uongo wake.

"Ulishindwa kusema hapana? Neno moja?"

"Nikikataa mimi, ungeenda," alisema. "Nakujua. Akikataa mzee, ungebaki."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Alinijua barabara. Mimi, niliyejiona nimeolewa na mtu mpole asiye na siri, sikuwa nikimjua.

"Basi kataa sasa," nilisema. "Hapa hapa, kwa mdomo wako. Niambie usiende."

Nilikuwa na funguo mkononi. Naapa, angesema tu hapana, ningeingia garini, ningewaacha wote wawili wakila mahindi, ningeteremka upande wa pili na viazi vyangu mpaka Rubavu. Nilikuwa namngoja aseme. Nilikuwa namwomba Mungu aseme.

Alijipangusa suruali. Mzee aligeuka akatazama malori.

"Sikatai," alisema mume wangu. "Huna wa kukukataza, gari limekubali na mzee amekubali." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida, ikabidi nisogee. "Kazini kwangu kuna wenzangu watatu wake zao walienda kufanya kazi mbali. Mwanzo wanarudi kila wiki. Baadaye wanarudi sikukuu. Baadaye ni simu. Hakuna aliyekosea, ndivyo inavyokuwa. Labda sisi tusingekuwa hivyo. Sina sababu ya kukupa, sheri, hata moja. Nakuomba tu usiende."

Na alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Alilia wima, mikono chini, kama mtu asiyejua mikono inawekwa wapi.

Katazo nilikuwa nimejiandaa nalo tangu Jumapili ya kwanza. Ningelivunja kwa furaha. Ombi sikujiandaa nalo. Ukiombwa, unayekataa ni wewe, na ukiondoka, aliyeondoka ni wewe, na hakuna wa kumlaumu huko mbele. Nilimchukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nilimpenda, na yote mawili hayakunisaidia. Barabara ya Rubavu ilikuwa mbele ya boneti, kavu, nyeupe kwa jua, haina hata lori moja.

Niliingia garini. Wao nao wakaingia, kila mtu mahali pake. Nikasubiri basi lipite, nikageuza.

Njia yote ya kurudi ni mteremko, na kwenye mteremko gari la haibridi hujichaji lenyewe, ukigusa breki tu umeme unarudi kwenye betri. Nilikuwa nagusa breki kila kona. Tulipofika Nyabugogo betri ilikuwa imejaa pomoni, na mimi sikuwa na pa kwenda.